Tulimlaumu Kijana Bure

Mimi ni muuguzi. Ninaishi Morogoro pamoja na mume wangu na watoto wetu, na nyuma ya nyumba yetu, pale ambapo majirani wengi wamejenga banda la kuku, sisi tuna karakana. Ndani yake mna mashine moja kuukuu ya kukereza chuma, ambayo mume wangu aliinunua kwa kiinua mgongo chake baada ya kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kupunguza wafanyakazi. Ipo pia mashine ya kutoboa, jiliwa, mashine ya kuchomelea, na kabati dogo la mbao lenye kufuli. Katika kabati hilo ndimo zinamokaa zana za kupimia.

Habari ninayotaka kuwasimulia inahusu chombo kimoja cha kabati hilo, viatu vyangu vya kazini, na kijana ambaye tulimfukuza kwa kosa ambalo hakulifanya. Nimekaa nayo moyoni kwa miaka, na mume wangu ameniruhusu kuiandika.

Wapo watakaojiuliza, muuguzi ana habari gani na mambo ya karakana? Akina mama wenzangu, mke wa fundi huishi na ufundi, apende asipende. Hupokea wateja mume asipokuwepo, huandika madeni, hufua nguo zenye grisi, na siku nyingine hushika kitu asichokijua. Hapo ndipo yalipoanza yaliyonipata.

KIATU KILICHOBANDUKA

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi Mei, mwaka 2017. Usiku ule nilikuwa na zamu. Mume wangu alikuwa amekwenda mjini kutafuta chuma, na kijana mwanagenzi aliyekuwa akijifunza kazi kwetu alikuwa amekwenda kula. Nilipochukua viatu vyangu vyeupe ili nivipake rangi, nikaona kisigino cha mguu wa kulia kimebanduka.

Gundi ilikuwepo. Lakini gundi hutaka kubanwa mpaka ikauke. Nikaingia karakana nikitafuta cha kubania. Jiliwa lilikuwa limeshika kipande cha chuma cha mteja, nami sikuthubutu kukigusa. Kabati lilikuwa wazi. Nikaona humo chombo kizuri, kimepinda kama kiatu cha farasi, kina skrubu upande mmoja. Nikajiambia moyoni, hili ni jiliwa dogo. Nikaweka kisigino katikati, nikakamata pale panapozunguka, nikakaza kwa nguvu kama mtu anayefunga kifuniko cha chupa ya mafuta. Nikakiacha dirishani, juani, karibu saa nne.

Jioni nilikuwa na haraka. Nililegeza, kiatu kikatoka, na chombo kikaniponyoka kikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Nikakiokota, nikakifuta kwa kanga, nikakirudisha ndani ya kisanduku chake. Nilikitazama vizuri: hakikuvunjika wala hakikupinda machoni pangu. Nikaenda kazini. Sikumwambia mtu. Si kwamba nilikusudia kuficha. Niliona tu kuwa ni jambo dogo lisilostahili kusemwa.

CHOMBO CHENYEWE

Chombo kile kilikuwa maikromita. Ili mwelewe uzito wa jambo, hamna budi niwaeleze inavyofanya kazi, jinsi nilivyokuja kuelezwa mimi nikiwa nimechelewa.

Maikromita ni chombo cha kupimia unene wa vitu kwa usahihi mkubwa. Kwenye upinde wake, upande mmoja pana kipande kifupi kisichosogea, kiitwacho fuawe. Upande wa pili pana pini inayotoka na kurudi kwa kuzungushwa. Kitu kinachopimwa hukaa katikati, kikiguswa na fuawe huku na pini kule. Siri yote iko katika skrubu iliyofichwa ndani. Ukiizungusha mara moja kamili, pini husogea nusu milimita, haizidi wala haipungui. Ngoma unayoizungusha imechorwa mistari 50, kwa hiyo mstari mmoja ni sehemu moja ya mia ya milimita. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa mistari kama kumi hivi. Ndiyo kusema chombo hiki kinaweza kukuonyesha sehemu ya kumi ya unene wa karatasi.

Kuisoma si vigumu. Kwanza unahesabu milimita kamili zilizojitokeza kwenye bomba. Pili unatazama kama mstari wa nusu milimita nao umejitokeza. Tatu unasoma mstari wa ngoma uliolingana na mstari mrefu wa bomba. Tuseme umeona milimita 7, na nusu imeonekana, na ngoma iko kwenye 22. Hapo utajumlisha 7 na 0.50 na 0.22, upate milimita 7.72. Wanagenzi wengi husahau ile nusu, wakasema 7.22, na kazi yote ikaharibika.

Maikromita ndogo hupima kuanzia 0 hadi milimita 25. Hiyo ukitaka kujua kama ni nzima, unaifunga mpaka pini iguse fuawe, na ngoma inapaswa kuonyesha sifuri. Inayofuata hupima kuanzia milimita 25 hadi 50. Hiyo haiwezi kufungwa kabisa, kwa hiyo huuzwa pamoja na pini fupi ya chuma yenye urefu wa milimita 25 kamili. Unaipima ile pini, na jibu likiwa 25.00, chombo ni cha kuaminiwa. Niliyobania kiatu ilikuwa hii ya pili.

Mume wangu alipenda kuwasimulia wanagenzi wake habari za chombo hiki. Mfaransa aitwaye Jean Laurent Palmer alipewa hati ya uvumbuzi wa maikromita ya kushika mkononi mwaka 1848, na mpaka leo Wafaransa huiita kwa jina lake, palmer. Lakini kabla yake, mwanzoni mwa karne ya 19, fundi Henry Maudslay wa London alikuwa na maikromita kubwa ya mezani. Aliipa jina la Lord Chancellor, yaani cheo cha hakimu mkuu wa Uingereza wa wakati ule. Mafundi wakibishana juu ya kipimo, hukumu ya mwisho ilitolewa na chombo hicho, na hapakuwa na rufaa. Mume wangu akimaliza habari hii husema, "Chuma hakisemi uongo." Neno hilo nitalirudia.

SHAFTI YA AKINA MAMA

Kikundi cha akina mama cha usharika wetu kina mashine ya kusaga nafaka. Mapato yake hununua sare na madaftari ya watoto yatima. Mimi ni mmoja wa wanaojitolea kuisimamia. Wiki ile iliyofuata, mashine ilianza kupiga kelele, na ilipofunguliwa ikaonekana kuwa shafti imelika pale inapokaa beringi. Tukaileta kwetu.

Mume wangu aliijaza kwa kuchomelea, akaanza kuikereza. Kabla hajamaliza, akaitwa Dar es Salaam kwenye msiba wa shangazi yake. Akamwachia kijana kazi ya mwisho, maana kijana alikuwa amekwisha kukaa nasi mwaka na nusu na mkono wake ulikuwa mtulivu. Akamwambia, "Tundu la beringi ni milimita 40. Shafti izidi kidogo tu, ifike 40.01. Beringi iingie kwa kupashwa moto. Ikilegea, itazunguka juu ya shafti na kuila tena."

Kijana alifanya hivyo. Alikereza kidogo kidogo, akapima, akakereza, akapima. Maikromita iliposema 40.01 akaacha. Shafti ikafungwa, mashine ikasaga, akina mama wakashangilia.

Siku ya tisa mashine iliunguruma, nyumba yote ya mashine ikanuka grisi iliyoungua. Beringi ilikuwa imezunguka juu ya shafti. Huo ulikuwa msimu wa mavuno. Watu walikuwa na foleni ya ndoo na magunia, wote wakahamia mashine ya jirani. Mwenyekiti wetu alinitazama bila kusema neno, na mtazamo ule ulinichoma.

Mume wangu aliporudi alimwita kijana karakana. Nilikuwepo, ninaanua nguo.

"Ulipima shafti ikiwa moto," alimwambia.

Neno hilo lilikuwa na mantiki yake. Chuma kikitoka kukerezwa huwa na joto, na joto hukitanua. Shafti ya milimita 40 ikiwa na joto la nyuzi 40 zaidi ya chombo kinachoipima, hutanuka karibu mistari miwili ya maikromita. Ikipoa, hurudi nyuma, na kipimo chako kinakuwa kimekudanganya.

"Hapana, Baba," kijana akajibu. "Niliisubiri ipoe. Nilikwenda kuchota maji madumu mawili, nikarudi ndipo nikapima."

"Na beringi iliingiaje?"

Kijana akanyamaza kidogo. "Iliingia kwa kuisukuma kwa mkono, Baba. Nilishangaa. Lakini nilipima tena, ikasema 40.01."

"Imeingia kwa mkono, nawe ukaiacha! Chuma hakisemi uongo. Wewe ndiye umesema uongo kwa sababu ya uvivu."

Kijana hakuwa na la kuongeza. Shafti yenyewe isingeweza kumtetea, kwa kuwa ilikuwa imelika tena na hakuna aliyeweza kujua ilikuwa na unene gani siku ile. Aliambiwa akusanye nguo zake. Aliniaga akiwa ameinamisha kichwa, akasema, "Mama, asante kwa chakula." Mimi nikamwombea heri. Ndugu msomaji, niliyekuwa na ushahidi wa kumwokoa nilikuwa mimi, nami nilikuwa nimesimama pale nikikunja mashuka.

MIZANI YA KLINIKI

Zilipita wiki tatu. Siku moja tulikwenda kijijini kupima watoto wa chini ya miaka mitano. Mnaijua mizani ile ya kuning'iniza, yenye mshale kama saa, na suruali ya kumwekea mtoto. Kanuni yake ni kwamba kabla ya mtoto wa kwanza unaning'iniza suruali tupu, kisha unarekebisha mshale usimame kwenye sifuri.

Asubuhi ile aliyepima alikuwa muuguzi mwanafunzi. Nilikuwa naandika kadi. Mtoto wa kwanza ameongezeka vizuri. Wa pili ameongezeka. Wa tatu, ambaye mwezi uliopita nilimhofia kwa wembamba, naye ameongezeka, na mama yake akacheka kwa furaha. Nilimtazama mtoto. Mikono yake ilikuwa ile ile, myembamba kama vijiti. Nikasema, "Hebu toa mtoto, tuone suruali tupu."

Mshale ukasimama kwenye gramu 400. Tulikuwa tumebadilisha suruali, tukaweka nzito zaidi, na hakuna aliyerudisha sifuri. Watoto hawakuongezeka, mizani ndiyo ilikuwa imewaongezea. Tulirudia wote. Yule mtoto mwembamba alikuwa amepungua, nasi tungemrudisha nyumbani bila msaada, huku kadi ikisema anaendelea vizuri.

Nilikuwa karibu kumkemea yule mwanafunzi, ndipo neno likanikwama kooni. Niliona mbele yangu kiatu cheupe. Niliona chombo kikianguka kwenye saruji. Nikakaa kwenye benchi, miguu imelegea.

SIFURI ILIKUWA WAPI?

Usiku ule, watoto walipolala, nilimwambia mume wangu, "Baba, naomba tuipime ile maikromita kubwa kwa pini yake."

"Kwa nini?"

"Tuipime kwanza, halafu nitasema."

Tulikwenda karakana na taa. Aliitoa ile pini ya milimita 25. Ilikuwa imekaa kwenye tundu lake kisandukuni, na vumbi lilikuwa limeifunika. Nilijua kuwa haijaguswa siku nyingi. Akaifuta, akafuta fuawe, akazungusha kile kijiti cha mwisho kinacholia tiki-tiki, ambacho mafundi hukiita racheti. Akasogeza taa karibu. Akafungua, akarudia. Akarudia mara ya tatu.

Ilisema 25.04.

Mistari minne. Unene usiofika nusu ya karatasi. Lakini hesabu yake ni nyepesi kwa mtoto wa shule: chombo kilichoongeza 0.04 kikisema 40.01, shafti ya kweli ni 39.97. Beringi ilikuwa imelegea tangu siku ya kwanza. Mkono wa kijana ulikuwa umemwambia ukweli, na chombo chetu ndicho kilichosema uongo.

Nikamweleza mume wangu habari ya kiatu, tangu mwanzo hadi mwisho. Nilitazamia atafoka. Hakufoka. Alikaa juu ya boksi la spana, akaishika ile pini mkononi muda mrefu. Kisha akasema, "Wewe uliiangusha mara moja. Mimi sikuipima kila asubuhi. Ningeipima siku ile kabla ya kumwita yule kijana, ningejua. Nilimpima mtu, sikukipima kipimo."

Kisha akafanya jaribio jingine. Alichukua gololi moja ya beringi, akaipima kwanza katikati ya fuawe, kisha pembeni upande huu, kisha upande ule. Kila mahali ilitoa jibu tofauti kidogo. Maana yake nyuso mbili za chombo hazikutazamana tena sawasawa. Upinde ulikuwa umepotoka. Kosa la sifuri peke yake lingeweza kurekebishwa kwa ile spana ndogo ya ndoano inayokuja na chombo, lakini upinde uliopotoka haukuwa na dawa pale kwetu.

TULIKWENDA KUOMBA RADHI

Jumamosi iliyofuata tulipanda basi kwenda kijijini kwa kijana, upande wa Kilosa. Mama yake alitupokea, akatupa viti na maji ya kunywa. Kijana alikuwa shambani, akaitwa. Alipofika alitusalimu, "Shikamooni," akakaa mbali kidogo.

Mume wangu alieleza. Mimi nikaeleza sehemu yangu, na sikuificha habari ya kiatu, ingawa ilinitia aibu. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimewasikia. Lakini mwanangu alirudi hapa mchana, watu wakimwona na begi lake. Wote wanajua kwamba amefukuzwa kwa uzembe na uongo. Hilo mtalirudishaje?"

Swali lile lilitushika. Kuomba radhi sebuleni ni rahisi, maana hakuna anayesikia. Mume wangu akaomba apelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji, na pale, mbele ya wazee waliokuwa wakicheza bao, akasema kwa sauti kwamba kijana yule hakukosa, na kwamba aliyekosa ni yeye na mkewe. Mimi Jumapili nilisimama mbele ya akina mama wa kikundi nikasema hivyo hivyo. Beringi mpya niliilipia kwa mshahara wangu, na shafti ilikerezwa upya bila malipo.

Kijana hakurudi siku ile. Alisema atafikiri. Alirudi baada ya mwezi mmoja, akaweka begi lake mlangoni, akasema ana sharti moja: pawepo daftari. Kila asubuhi atakayefungua karakana azipime maikromita zote, aandike tarehe, jibu lililopatikana, na jina lake. Iwe mwanagenzi, iwe fundi mwenyewe. Mume wangu alikubali kabla sharti halijaisha kusemwa.

YA KUZINGATIA

Najua wapo wasomaji wenye waume, kaka au watoto mafundi, na siku hizi wapo mabinti wanaosomea ufundi mitambo VETA na kwingineko. Kwa ajili yao naandika mambo niliyofundishwa, ili wasijifunze kwa gharama tuliyolipa sisi.

1. Sifuri kwanza. Kabla ya kazi, funga maikromita ndogo uone kama iko kwenye sifuri. Kubwa ipime kwa pini yake. Usisubiri mpaka kazi iharibike. Pini nayo itunzwe isipate kutu wala mikwaruzo, maana ikiharibika huna tena cha kukuonyesha ukweli.

2. Safisha nyuso za fuawe na pini, na kitu unachopima. Chembe moja ya chuma au vumbi yatosha kuongeza mistari kadhaa. Kwa ile ndogo, banisha taratibu kipande cha karatasi safi katikati kisha ukivute. Karatasi itatoka na uchafu.

3. Tumia racheti, usitumie nguvu. Ile tiki-tiki imewekwa ili kila mtu, mwenye mkono mzito na mwenye mkono mwepesi, abane kwa nguvu ile ile.

4. Usipime kitu kinachozunguka mashineni. Hula nyuso za chombo, na yaweza kukukata vidole. Nimewafunga vidonda mafundi wa kutosha kujua hili.

5. Mpe chuma nafasi apoe. Vipimo vya viwandani duniani huhesabiwa kwa joto la nyuzi 20. Morogoro mara nyingi kuna joto zaidi ya hapo, lakini chombo na kitu cha chuma vikiwa na joto moja, vyote hutanuka pamoja na kosa huwa dogo sana. Hatari ni kimoja kuwa cha moto na kingine cha baridi. Kwa sababu hiyo usikae na maikromita mkononi muda mrefu, wala usiiache juani kama nilivyofanya mimi.

6. Maikromita si jiliwa, wala si spana, wala si nyundo. Isilale benchini pamoja na tupa na nyundo.

7. Ukimaliza, ifute jasho la mikono, maana jasho huleta kutu. Paka mafuta mepesi kidogo sana, na iwekwe kisandukuni ikiwa imeachwa wazi kidogo, nyuso zisigusane. Zikigusana, unyevu hukaa katikati, na joto likibadilika zinasukumana.

8. Mkono ukisema tofauti na chombo, usiwe mwepesi wa kumdharau mmoja wao. Simama, kipime chombo. Sisi wauguzi tunalijua jambo hili wodini: mgonjwa akitoka jasho na kuhema, nacho kipimo kinasema ni mzima, tunapima tena kwa kipimo kingine.

9. Ikianguka, sema. Siku ile ile. Na wewe mwenye karakana, usimpigie kelele aliyekuja kusema, ama sivyo mara ya pili hatasema.

Hili la mwisho ndilo lililonigharimu zaidi. Maandiko yanarudia mara nyingi habari ya mizani ya haki na vipimo vya haki, nami siku zote nilidhani maneno hayo ni ya wafanyabiashara wanaopunja sokoni. Sikujua kuwa mtu aweza kuwa na kipimo cha uongo nyumbani mwake bila kukusudia, akamhukumu nacho mtoto wa mwenzake.

Kijana yule alikaa nasi miaka mitatu zaidi. Sasa ana karakana yake mwenyewe, na akija kutusalimu humkuta mume wangu akiwa na maikromita nyingine, tuliyoinunua ikiwa imetumika, Gerezani, Dar es Salaam. Ile ya zamani imetundikwa ukutani juu ya kabati na kibao kidogo cha bati: HAIPIMI. Wanagenzi wapya huulizia, na mume wangu huwaambia waje waniulize mimi.

Daftari nalo lipo bado, sasa ni la tano. Majina yaliyojaa humo ni ya mafundi. Lakini siku ambazo mume wangu amesafiri na mwanagenzi amechelewa, huwa nafungua karakana mimi kabla ya kwenda kazini. Naifuta pini, nazungusha racheti, nasoma mstari, naandika: tarehe, 25.00, na jina langu.